Shahidi Asiyeulizwa

"Haya, niulize," wifi alisema. Alikuwa ameazima tai ya kaka yake na kuifunga juu ya gauni lake la nyumbani, ameketi kwenye kochi kajitanua kama mwenye nyumba na kiwanja chake. "Mimi leo ndiye Kikohozi. Niulize nikuone."

Wakili alicheka, kicheko cha kwanza tangu Ijumaa. Sebule yao ilikuwa finyu. Upande mmoja palikuwa na cherehani ya wifi na marundo ya nguo za watu, upande wa pili meza ya chakula iliyogeuzwa ofisi, majalada yamepandana mpaka dirishani. Mwalimu, mume wa Wakili na kaka wa wifi, alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake mlangoni, daftari juu ya goti, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa.

"Kwanza kohoa," Wakili alisema.

Wifi akakohoa. Mara moja, taratibu, kikohozi kikavu cha mtu anayejua kwamba wote wamenyamaza kwa ajili yake. Hata Mwalimu aliinua kichwa.

Mtu huyo alikuwa na jina lake, tena refu, lenye vyeo mbele na nyuma, lakini nyumba hii haikulitaja. Aliitwa Kikohozi, kwa ile tabia yake ya kukohoa kabla ya kumchinja mtu kwa swali. Alikuwa bosi wa Wakili zamani, wakati binti wa Wakili na Mwalimu ananyonya. Sasa binti ana meno yote na mdomo wa kujibu. Kesho yake, Jumatatu, Kikohozi angekaa kwenye kiti cha shahidi na Wakili ndiye angemhoji. Miaka yote hiyo alikuwa ameingoja siku hiyo, na msidhani aliingoja kwa utulivu. Aliingoja kwa chuki, chuki safi, aliyokuwa akiilisha na kuinywesha kama mtoto wa pili.

Kazi ya Wakili watu wengi mtaani hawakuielewa. Joho havai, mahakamani haonekani. Makampuni ya nchi mbili yakigombana, hakuna linalotaka kwenda mahakama ya nyumbani kwa mwenzake. Basi hukodi ukumbi hotelini, huchagua wasuluhishi watatu, nao huwaamulia nyuma ya mlango uliofungwa. Jirani haingii, mwandishi wa habari haingii, na wakiamua wameamua. Kwa kuwa kila siku alionekana akiingia na kutoka mahotelini na masanduku, mama mmoja wa nyumba ya pili aliamini kabisa kwamba anapamba kumbi za harusi, na alishawahi kumuuliza bei.

Safari hii alikuwa anamsimamia mama mmoja mwenye kiwanda cha maziwa. Mama huyo aliagiza mitambo ya kupozea kutoka kampuni ya ng'ambo, akakopa benki, akajenga, akaajiri. Mitambo haikuja. Wafugaji walileta maziwa yao, yakaharibika, yakamwagwa mtaroni huku wenyewe wakitazama. Sasa benki ilikuwa imeshabandika tangazo la mnada kwenye geti. Kampuni ilijitetea kwamba mitambo ilikuwa tayari zamani, ila mama mwenyewe alipiga simu kuomba wamcheleweshee, maana jengo lake lilikuwa halijaisha. Na nani aliyeipokea simu hiyo? Kikohozi, aliyekuwa ameacha uwakili na kugeuka mshauri wa kampuni. Aliyaandika yote hayo kwenye maelezo yake ya ushahidi na kuweka saini yenye mikia.

Halafu Ijumaa akaja injinia wa kampuni hiyo hiyo. Wakili alimuuliza mambo ya spana na bolti, polepole, mpaka mtu wa watu akasema bila kujua anasema nini: mwezi wa simu hiyo mitambo ilikuwa haijaunganishwa, hata mota zake zilikuwa hazijafika. Sasa kitu ambacho hakijatengenezwa, mteja amekicheleweshaje? Wakili alimshukuru, akafunga jalada, akaketi.

Kesi hizi ni za siri, najua. Lakini nyumba ndogo haifichi kitu, na wifi alishaapa kufunga mdomo. Nje ya nyumba hiyo kweli aliufunga.

"Shahidi," Wakili alianza, akasimama. "Umeandika kwamba mitambo ilikuwa tayari. Injinia wenu amesema ilikuwa haijaunganishwa. Nani kati yenu ni mwongo?"

Wifi hakubabaika hata kidogo. Akakohoa.

"Mama, wewe hujui mambo ya viwanda. Nikisema tayari, nina maana kila kitu kilishapangwa, mota zilishaagizwa ziko njiani, tunangoja neno la mteja tu. Mteja katuambia tusubiri. Tungeunganisha ili iweje, ikae ipigwe vumbi? Injinia ni mtu wa spana. Simu nilipokea mimi."

Mwalimu akaiweka chini kalamu nyekundu.

"Hiyo umeitoa wapi?" Wakili aliuliza.

"Sijui, imekuja yenyewe." Wifi alivua tai. "Mbona ndivyo ninavyowaambia wateja wangu kila Jumamosi? Gauni lako liko tayari, bado kushona tu."

Mwalimu alicheka mpaka madaftari yakamwanguka. Wakili hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, anamtazama wifi yake kama mtu aliyeonyeshwa ufa kwenye ukuta wa nyumba yake. Kama fundi cherehani aliyeacha shule kidato cha pili amelipata jibu hilo kwa pumzi moja, Kikohozi angelipata usingizini.

"Simuulizi," alisema.

"Humuulizi swali gani?"

"Lolote. Nikimuuliza moja tu, nimemfungulia mlango. Atajieleza, halafu wakili wao atasimama kumuuliza zaidi juu ya hilo hilo, mpaka tundu la injinia lizibwe. Nisipouliza, wakili wao hana pa kuanzia. Yanabaki maneno yake ya kwenye karatasi, na karatasi haiwezi kujieleza."

Wifi alisimama. Mwanamke huyu alikuwa na utani wa kutwa kucha, lakini sasa uso ulimwiva.

"We! Usinitanie, wifi. Mtu umemtafuta miaka yote hii, Mungu kakuletea kwenye sahani, halafu unamwambia asante, nenda zako? Umesahau? Mimi sijasahau. Mimi ndiye niliyekaa koridoni, nje ya ukumbi wa kesi, na mtoto analia, kanyauka. Wewe ukatoka kumnyonyesha dakika mbili, yule mzee akaja nyuma yako na wazungu zake na wateja zake, akakohoa. 'Hapa si wodi ya wazazi, mama. Chagua, titi au kesi.' Ukamtoa mtoto titi mdomoni! Ukarudi ndani blauzi imelowa, umeifunga koti juu. Na mimi mlinzi akanisukuma mpaka barabarani na kichanga. Halafu kesi yenyewe akakutoa wiki ile ile, na maswali yako akayasoma yeye!"

"Najua."

"Akatangaza mji mzima kwamba ukishazaa akili inahamia kifuani. Ofisi ngapi zilikukataa? Huyo ndiye unayemnyamazia?"

"Dada, punguza sauti," Mwalimu alisema. Kisha akamgeukia mkewe, kwa upole wake unaoudhi. "Mimi naona hivi. Ama unataka kushinda kesi, ama unataka kumchana yule mzee. Chagua moja."

"Neno hilo usiniambie!" Wakili alimfokea. Mwalimu akainama kuokota madaftari. "Nataka vyote viwili. Nani kasema siwezi kutaka vyote viwili?"

Wifi alirudi kwenye cherehani na kukanyaga kwa hasira, akashona mkono wa gauni la mtu nje ndani, ikabidi afumue.

*

Jumatatu asubuhi Kikohozi alikuwa wa kwanza kufika. Koridoni, nje ya ukumbi, palikuwa na viti viwili vya ngozi bandia na ua la plastiki, na hapo ndipo shahidi hukaa mpaka aitwe. Ndani haruhusiwi, asije akasikia wenzake wanasema nini. Alikuwa amezeeka. Shingo ilikuwa imepungua ndani ya kola, lakini suti ilikuwa suti, na magotini alikuwa na maelezo yake yaliyopigwa mistari ya kalamu, tayari kwa vita. Hakuwa na habari ya lile neno la injinia, maana shahidi haambiwi yaliyosemwa ndani.

Wakili ilimbidi apite mbele yake. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, mdomo ulimsaliti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Hujambo? Naona nilikufundisha vyema, mpaka leo unanihoji mimi." Akacheka, akampigapiga begani kama mtu anayempongeza mtoto kwa kufagia. "Usiniogope. Uliza tu."

Bega lilimwaka moto mpaka saa nne. Basi Wakili akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria. Kabla ya Kikohozi kulikuwa na mhasibu wa kampuni, shahidi wa saa moja tu. Wakili akamhoji kutwa. Alimuuliza ukurasa kwa ukurasa, akamrudisha nyuma, akamwomba afafanue, akamshukuru, akaanza upya. Kila baada ya muda kikohozi kilisikika nje ya mlango, kikavu, cha kukumbusha. Kila kiliposikika Wakili aligeuza ukurasa mwingine. Mapumziko ya chai alipita koridoni haraka. Ya mchana vilevile. Mzee alikuwa palepale, ameshalegeza tai. Tusidanganyane: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia.

Saa tisa wifi alitokea koridoni na koti. Asubuhi kifungo cha koti hilo kilikuwa kimekatika, Wakili akaondoka na koti la zamani, na wifi, pamoja na kununa kwake, hakuweza kuvumilia wifi yake amalize siku katika kitambaa kilichochujuka. Alimkuta mzee peke yake. Walitazamana. Wifi alijisemea: sasa atanijua, na akinijua nitamwambia.

"Mama," Kikohozi alisema, "hebu niletee maji. Baridi. Na uwaambie jikoni hiki kiyoyozi kinanipiga kifuani."

Alidhani ni mhudumu wa hoteli. Wifi alisimama na koti mkononi. Matusi yote aliyokuwa ameyatunza yalimjaa kinywani, halafu akayameza, hata yeye hakujua kwa nini.

"Subiri kidogo," alimwambia. Akampa mtumishi koti alipeleke ndani, akashuka ngazi, akaenda zake nyumbani.

*

Saa kumi kasoro mhasibu aliachiwa, amechoka hoi. Mwenyekiti wa wasuluhishi, mwanamke wa makamo mwenye miwani kwenye kamba, alisema, "Shahidi anayefuata," na mhudumu akaelekea mlangoni.

Mama wa kiwanda aliminya mkono wa Wakili chini ya meza. "Mmalize huyo," alinong'ona. "Usimwachie hata nguo. Mimi simu hiyo sijaipiga maisha yangu."

Wakili alisimama. Mbele yake palikuwa na maswali aliyoyaandika, ukurasa mzima, na la mwisho kabisa halikuhusu mitambo. Lilihusu siku ile ya koridoni. Alikuwa anaweza kuliuliza. Kabla hajakatazwa lingekuwa limeshatoka, na yule mzee angesikia mbele ya watu. Kinywa kilimkauka kwa uchu. Akamkumbuka wifi na tai ya kaka yake. Gauni liko tayari, bado kushona.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hatuna swali kwa shahidi huyu. Anaweza kwenda."

Mama wa kiwanda aliutoa mkono wake. Wakili wa upande wa pili aliruka kama aliyekalia pini.

"Amesafiri kwa ndege, mwenyekiti! Wao ndio waliotaka aje wamhoji! Basi naomba nimuulize mimi, machache tu, kuhusu jambo lililojitokeza Ijumaa."

"Hapo ndipo ninapopinga," Wakili alisema. "Utaratibu tuliutia saini sote wawili. Shahidi asiyehojiwa na upande wa pili hasikilizwi. Mwenzangu alikuwa na Ijumaa nzima kumuuliza injinia wake mwenyewe. Hakumuuliza."

Wasuluhishi watatu waliinamiana, wakanong'onezana. Mama wa kiwanda alikuwa anapumua kwa pua. Mwenyekiti alivua miwani.

"Wakili, unaelewa kwamba maelezo yake ya maandishi yanabaki kwenye jalada?"

"Naelewa. Yanabaki pamoja na ya injinia."

Mwenyekiti alimtazama, labda muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. "Utaratibu ni utaratibu," alisema. "Shahidi ameachiliwa. Tumemaliza."

Mlango ulipofunguliwa Kikohozi alikuwa ameshasimama, tai imekazwa, karatasi mkononi, kifua mbele. Wakili wao alimshika kiwiko, akamwambia jambo sikioni. Mzee aliyumba kidogo, kisha akamwona Wakili.

"Umenitoa kwangu, umenikalisha hapa tangu asubuhi kama mtu anayeomba kazi, halafu huna hata swali moja?"

"Sina."

Alimsogelea. Watu walikuwa wanatoka, wote wanasikia. Akakohoa. "Umeogopa. Nilijua. Wewe tangu zamani mwoga, ukibanwa unakimbilia kulia."

Lo! Maneno machache tu yangemfunga mdomo. Angemwambia kuhusu mota ambazo hazikufika, angeuona ule uso ukishuka. Lakini uamuzi ulikuwa haujaandikwa. Mzee angejua tundu lilipo, angewapa wenzake jibu la kuliziba, nao wangeomba kesi ifunguliwe upya. Ilimbidi asimame pale, mbele ya mteja wake na wahudumu na mtu aliyemchukia kuliko wote duniani, aonekane mwoga.

"Safari njema, mzee," alisema. Mzee alicheka njia nzima hadi kwenye lifti.

*

Miezi iliyofuata ilikuwa michungu. Mama wa kiwanda alipiga simu kila wiki, na kila wiki alianza hivi: "Kwa hiyo yule mzee ulimwacha tu." Benki iliahirisha mnada mara moja, ikasema haitarudia. Wateja wawili wa Wakili walihamia ofisi nyingine. Habari zilishafika kwamba aliuona uso wa bosi wake wa zamani akaishiwa maneno. Nyumbani, wifi alihamishia cherehani chumbani kwake, akawa anasema naye kupitia mtoto. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." Chumvi ipo mezani, Wakili yupo mezani. Mwalimu alikula haraka na kwenda kusahihisha.

Usingizini Wakili alimhoji Kikohozi. Alimuuliza yote. Akiamka alijilaumu, akajitetea, akamchukia tena upya, na chuki hiyo ilimsaidia kuvaa na kwenda kazini.

Uamuzi ulikuja asubuhi ya Alhamisi. Alifunga mlango wa ofisi, akausoma akiwa amesimama. Kampuni imeshindwa. Itamlipa mama wa kiwanda mitambo, maziwa, mkopo na riba yake. Wasuluhishi walimnukuu injinia aya nzima. Alitafuta jina la Kikohozi, jina lile refu lenye vyeo mbele na nyuma, akalikuta mahali pamoja tu: hawakuona haja ya kuyategemea maelezo ya shahidi huyu. Mstari mmoja. Aliusoma tena na tena mpaka akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti kwenye ofisi yake mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Mama wa kiwanda, alipoambiwa, alisema, "Nisamehe, mdogo wangu." Nyumbani Wakili alisema kidogo tu.

"Tumeshinda. Na yule hawakumwamini."

Wifi alimtazama. Kisha akaenda chumbani, akaiburuta cherehani mpaka sebuleni mahali pake, akaondoa majalada ya Wakili bila kuuliza. Ndivyo walivyopatana.

*

Jumamosi simu iliita. Wifi alikuwa anashona, Wakili anamsaidia kukata nyuzi.

"Nimesoma," sauti ilisema bila salamu. Kikafuata kikohozi, lakini kilikuwa kirefu, cha kifua. "Mstari mmoja, mama. Hukuniuliza kitu. Ungeniuliza ningeeleza."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

"Kampuni wamesema hawahitaji tena ushauri wangu. Kila ofisi imeshajua. Kwa umri huu niende wapi?"

Wakili alijipekua moyoni kama kuna huruma. Hakuipata, na hakusikitika kuikosa.

"Nina swali moja sasa," alisema. Swali lenyewe lilikuwa limekaa mno. "Unakumbuka siku ile koridoni, uliponiambia nichague?"

"Uchague nini?"

Wakili alikata uzi mmoja.

"Siku gani hiyo?" mzee aliuliza, na kwa sauti yake ilikuwa wazi kwamba hadanganyi. "Nakumbuka ulifanya kazi kwangu. Msichana mwerevu. Lakini kuchagua… hapana. Hebu nikumbushe."

Hakukumbuka. Miaka yote hiyo yeye aliibeba siku ile ya koridoni kila alikokwenda, na mwenyewe aliyemtwisha hakuwa nayo hata kidogo. Wakili aliiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Subiri kidogo," aliiambia. Akailaza juu ya meza ya cherehani, kando ya mkasi.

"Nani?" wifi aliuliza kwa midomo tu.

"Kikohozi. Hakumbuki."

"Hakumbuki nini?"

"Chochote. Wala mtoto, wala sisi."

Wifi aliitazama simu. Wakili alidhani ataikata, au ataishika na kumwaga yote aliyoyameza siku ile ya maji. Wifi aliisogeza tu karibu na gurudumu, akapanga kitambaa chini ya sindano, akaanza kukanyaga. "Halo?" sauti ilisema, ndogo, ndani ya mlio wa cherehani. "Halo? Mama, upo?"

Binti alitoka chumbani na kitabu chake. "Mama, kuna mtu anaongea kwenye simu yako."

"Tunamsikia," Wakili alisema.

"Anataka nini?"

"Ameambiwa asubiri," wifi alimjibu, akaomba apewe mkasi.